SOMO LA KAZI IFANYWAYO NYUMBANI, NA HAKI ZA WATU WA NYUMBA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Kila sifa njema ni yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, katika kijitabu hiki tumekusudia kueleza jambo moja lililozuka majumbani mwetu katika miaka hii. Limewaletea watu kheri, na limewaletea ugomvi, na wengi hawajui ugomvi huo watoka wapi. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kusema yaliyo kweli, na kuyafuata kabla ya kuwaamrisha wengine.

MAELEZO YA MWANZO

Mtu atokaye mjini Musoma akashika njia ya Makoko, akafika ufukoni wakati wa alfajiri, huiona kazi kwa macho yake. Mitumbwi yarudi na dagaa waliovuliwa usiku kwa taa; wanawake wanunua kwa ndoo, wawaanika juani, wawageuza, watazama mbingu wasije wakanyeshewa na mvua mali yao ikaharibika. Mwingine amekaa mlangoni kwake ashona wavu uliotatuka, na mtoto wake amshikia uzi. Hapana aulizaye: Jee, huyu yuko kazini au yuko nyumbani? Kazi yake na nyumba yake ni kitu kimoja, na kila mtu ajua.

Lakini siku hizi imeingia kazi nyingine isiyoonekana. Mtu amekaa chumbani, mlango umerudishwa, kompyuta iko mbele yake na simu iko sikioni. Hakuvaa viatu wala hakutoka. Mtoto amwona babake yupo, naye hayupo. Mke amwona mumewe amekaa, naye yu kazini. Jirani apita abisha hodi, kwani kwa desturi yetu aliyeko nyumbani ndiye wa kuzungumza naye. Hapo ndipo yatokapo manung'uniko.

Basi shabaha ya somo hili ni neno moja, nalo ni hili: kazi iingiapo nyumbani haimtumii mwajiriwa peke yake, bali yaitumia nyumba nzima. Kwa hivyo kila aliyemo nyumbani ana haki katika jambo hilo, na haki hizo hazipatikani mpaka zitajwe na kuwekewa mipaka.

FASLU YA KWANZA: MAANA YAKE

Kazi ya nyumbani tuinenayo hapa si kupika wala kufua, ijapokuwa hizo nazo ni kazi, tena kubwa. Muradi wetu ni kazi ya ujira, ambayo mtu aifanya kwake kwa ajili ya mwajiri aliye mahali pengine. Huyo aweza kuwa karani aandikaye hesabu, au mwalimu asahihishaye madaftari usiku, au mtu ajibuye simu za wateja, au fundi wa cherehani aliyeletewa vitambaa vya tajiri avishone kwa kipande.

Wala watu hawa si wachache. Shirika la Kazi Duniani lilitoa kitabu mwezi wa Januari 2021, likakadiria kuwa katika mwaka 2019, kabla ya maradhi ya korona, watu milioni 260 ulimwenguni walikuwa wakifanyia kazi majumbani mwao. Na katika hao milioni 147 ni wanawake. Yaani zaidi ya nusu ni mama zetu na dada zetu, na wengi wao hawahesabiwi kuwa wana kazi, kwa sababu tu hawaonekani wakipita njiani asubuhi.

FASLU YA PILI: JAMBO HILI SI GENI

Wako wadhanio kuwa kufanyia kazi nyumbani ni uzushi wa kompyuta. Sivyo. Bibi Zaynab bint Jahsh, mmoja katika wake za Mtume, alikuwa mwanamke mwenye sanaa ya mikono. Akitengeneza ngozi na kushona, na akipatacho hukitoa sadaka. Bibi Khadija bint Khuwaylid alikaa Makka, na mali yake ikisafiri mpaka Sham mikononi mwa watu aliowaajiri. Naye Mtume wetu alikuwa miongoni mwao kabla ya kupewa utume. Hakuwa akiwaona njiani. Alitegemea uaminifu wao. Basi kufanya kazi mbali na macho ya mwajiri ni jambo la kale, na nguzo yake tangu hapo ni amana.

Katika pwani yetu, kofia za vito za Unguja na Lamu zimeshonwa majumbani vizazi kwa vizazi, na wanawake wamesuka ukili na mikeka huku wakilea. Na huko Uingereza, kabla ya viwanda vya mashine kuenea katika karne ya 18, wafumaji wengi walifuma nguo majumbani mwao. Mfanyabiashara huwaletea nyuzi, kisha huja kuchukua nguo. Mashine za nguvu za maji na za mvuke ndizo zilizowatoa watu katika nyumba zao zikawakusanya mahali pamoja, kwa saa moja na kwa kengele moja. Basi desturi hii ya kutoka asubuhi na kurudi jioni, ambayo twaiona kama ndiyo asili, kwa watu wengi ni ya karne mbili hivi tu.

Mwaka 1973 Mmarekani mmoja, jina lake Jack Nilles, alitoa rai kuwa simu na mitambo yaweza kumpelekea mtu kazi yake alipo, badala ya mtu kupelekwa na gari mpaka kwenye kazi. Rai hiyo ilikaa miaka mingi bila ya kufuatwa na wengi, mpaka ulipofika mwaka 2020.

FASLU YA TATU: ILIVYOTUFIKIA SISI

Tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya aliagiza kuwa, kwa ajili ya korona, afisi za serikali na za wafanyabiashara ziwaache watu wao wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale wa kazi zisizoweza kuachwa. Kwetu Tanzania mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi, na siku ya pili yake skuli zikaagizwa zifungwe. Watoto wa skuli za msingi na madarasa mengi ya sekondari hawakurudi mpaka tarehe 29 Juni. Nchi yetu haikuwafungia watu wote ndani kama walivyofanya baadhi ya jirani zetu. Lakini mashirika kadha wa kadha yaliwarudisha makarani wao majumbani, na huko wakawakuta watoto nao wamerudishwa. Kazi, skuli na jiko vikakutana katika sebule moja.

Baada ya maradhi kupungua, jambo halikwisha. Tarehe 27 na 28 Januari 2025, ulipofanywa Dar es Salaam mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika juu ya nishati, watumishi wa umma wa mji huo waliagizwa wafanyie kazi majumbani ili njia zipate nafasi. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, yalipotokea machafuko, watumishi wa umma waliagizwa tena wakae majumbani na kufanyia kazi huko kuanzia siku ya pili yake. Na siku hizo hizo intaneti ilikuwa imezimwa nchini, isirudi mpaka mwanzo wa Novemba.

Tazama jambo hili, ewe msomaji, kwani lina mafunzo. Mtu ameambiwa kalime, na jembe halipo. Jee, siku ile yahesabiwa kuwa alifanya kazi au hakufanya? Jawabu ya uadilifu ni kuwa mtumishi hana kosa kwa zana ambayo haikuwa mkononi mwake. Hapo twapata kanuni ya kwanza: anayeagiza kazi ifanyiwe nyumbani yampasa kwanza aulize, Jee, zana zipo?

FASLU YA NNE: MANUFAA YAKE

Haifai kulitia ila jambo kabla ya kuutaja wema wake. Manufaa ya kazi hii ni mengi, nasi tutataja matatu.

La kwanza ni nauli na wakati. Aliyekuwa akipanda gari mara mbili kwa siku abakiwa na fedha yake mfukoni, na saa zake zabaki mikononi mwake.

La pili ni jamaa. Mtu aweza kumuuguza mzazi, na mama aweza kumnyonyesha mtoto wake bila ya kumwacha na wengine. Na kijana wa Makoko aweza kuajiriwa na watu wa Mwanza au wa Nairobi, asihame kwao wala asiwaache wazee wake peke yao.

La tatu ni kuwa kazi yenyewe yaweza kuwa nzuri zaidi. Wachina wa shirika la safari liitwalo Ctrip, huko Shanghai, walilijaribu jambo hili pamoja na mwanachuoni Nicholas Bloom na wenzake, wakayaandika matokeo yake mwaka 2015. Walichukua watu 249 waliopenda wenyewe, wenye kazi ya kujibu simu, wakawagawa kwa tarehe zao za kuzaliwa: nusu wafanyie kazi nyumbani siku nne katika wiki, na nusu wabaki afisini. Baada ya miezi tisa walionekana wale wa nyumbani kuwa kazi yao imezidi kwa asilimia 13, na wachache zaidi kati yao waliacha kazi.

Lakini soma khabari hii mpaka mwisho wake, usiishie katikati kama wafanyavyo matajiri. Kwanza, sehemu kubwa ya ziada ile haikutokana na wepesi wa mikono. Ilitokana na kukaa dakika nyingi zaidi kazini, kupumzika kidogo, na kuchukua siku chache zaidi za ugonjwa. Pili, hakukubaliwa ila mtu mwenye chumba chake peke yake cha kufanyia kazi. Tatu, jaribio lilipokwisha watu wakapewa khiyari upya, wengi walibadili nia, na miongoni mwa wale wa nyumbani wako waliotaka kurudi afisini; walilalamikia upweke.

Basi tujiulize: huku kwetu, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule, iliyo na watoto watano na bibi yao, ni nani mwenye chumba chake peke yake? Manufaa tuliyoletewa khabari zake yalipimwa katika nyumba zenye chumba cha ziada. Sisi yatupasa kuyapima katika nyumba zetu.

FASLU YA TANO: MADHARA YAKE

Madhara ya kazi hii mengi hayatokani na kazi yenyewe, bali yatokana na kutowekewa mpaka.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake, mgeni huheshimiwa, lakini hatimaye naye aingie katika taratibu ya nyumba. Kazi ya afisi ni mgeni wa namna nyingine. Huja na jembe lake mwenyewe, nalo humpa mwenye nyumba alime mchana na usiku. Asipoambiwa mahali pa kukaa na saa ya kuondoka, atakaa popote, wala hataondoka.

Wavuvi wetu wana rehema moja waliyowekewa mbinguni. Usiku wa giza huvua. Mbalamwezi ikishika, taa zao hazivuti dagaa vizuri, nao hupumzika, hushona nyavu, hukaa na watu wao. Mwezi wawaamuru kupumzika, na tajiri hawezi kushindana na mwezi. Lakini simu haina mbalamwezi. Ujumbe waweza kuja saa tano ya usiku na saa kumi ya alfajiri, na mtu akaamka kuujibu, kisha akalala juu ya sala ya asubuhi.

Madhara ya pili ni gharama. Afisini umeme ni wa mwajiri, na meza, na kiti, na maji. Kazi ikihamia nyumbani, umeme wa LUKU wanunuliwa na mwajiriwa, na kifurushi cha intaneti hali kadhalika. Mshahara ni ule ule, lakini sehemu yake imekuwa yarudi kwa mwajiri kwa mlango wa nyuma. Na fedha hiyo hutoka wapi, ila katika unga wa watoto?

Madhara ya tatu humwangukia mwanamke. Mume akifanyia kazi nyumbani, watu husema: nyamazeni, baba yu kazini. Mke akifanyia kazi nyumbani, husema: madhali upo, injika chungu. Hivyo mwanamke huyo huwa na ajira mbili kwa saa zile zile, na akikosea katika mojawapo hulaumiwa kwa zote mbili. Jambo hili ni dhuluma, ingawa watu wamelizoea, na mazoea hayaigeuzi dhuluma ikawa haki.

Madhara ya nne ni shaka. Mwajiri asiyemwona mtumishi wake humdhania amelala; na mtumishi ajuaye kuwa adhaniwa hivyo hufanya kazi kwa khofu, hujibu kila ujumbe papo hapo, hata akiwa mezani au kitandani, ili aonekane yupo.

FASLU YA SITA: YALIYOMPATA MWANDISHI

Sipendi kuwausia watu jambo na mimi nimejificha. Mwaka mmoja mwajiri wangu aliniagiza nishike hesabu zake nikiwa nyumbani kwa muda wa miezi kadha. Nilifurahi sana, nikamshukuru Mungu. Nikakitwaa chumba cha watoto, nikaweka meza, nikawaambia watu wote wa nyumbani: kuanzia leo hapa ni afisi, nyamazeni.

Binti yetu, umri wake miaka saba, alikuwa na desturi akirudi chuoni husoma kwa sauti yale aliyofundishwa siku ile. Siku ya kwanza nilimkemea, kwani nilikuwa katika simu. Siku ya pili nikamkemea tena. Siku ya tatu sikumkemea, kwa sababu hakusoma. Nikaona nyumba imetulia, nikasema moyoni: sasa watoto wamepata adabu.

Baada ya wiki nne mwalimu wake alinishika mkono mlangoni mwa msikiti, akaniambia, "Mzee wangu, binti yako ana nini? Alikuwa mbele ya wenzake. Sasa yuko nyuma, na nikimwambia asome, anong'ona."

Nilirudi nyumbani nikamwuliza mama watoto. Hakunijibu mara moja, alimaliza kuchambua mchele wake, kisha akasema kwa upole, "Baba watoto, siku ulipoileta kazi hii hukutuuliza. Ulisema nyamazeni, tukanyamaza. Mimi natwanga kwa jirani. Wadogo wanacheza ufukoni peke yao, na moyo wangu hautulii mpaka nimewahesabu wote wamerudi. Na huyu amejifundisha kusoma kwa midomo bila ya sauti. Mshahara ni wako, lakini kimya hiki tumekitoa sisi."

Wallahi sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nikihesabu fedha za mtu kila siku hata senti isipotee, na katika nyumba yangu mwenyewe sikuwa nimeihesabu khasara.

Tukakaa kitako sote, na watoto wakubwa wakiwapo. Tukapatana kuwa kompyuta ifungwe adhana ya alasiri, na baada yake mtu asome, atwange, aimbe apendavyo. Mazungumzo ya simu yaliyo marefu nikaenda kuyafanyia katika chumba cha nyuma cha duka la rafiki yangu. Mwajiri nikamwandikia kuwa usiku sitajibu, ila kwa dharura. Akakasirika siku mbili, kisha akazoea. Ama binti yetu, amerudi kusoma kwa sauti, lakini ilichukua miezi, na hata leo akisikia simu yangu yalia hunyamaza kwanza, akanitazama usoni. Jambo hilo laniumiza. Twalitaja ili mwenzetu asilifikie.

FASLU YA SABA: HAKI ZA KILA UPANDE

Haki ya mwajiri. Wakati aliounua ni amana. Mtu asimwandikie saa nane akafanya tano; asimwache mgeni kuzisoma karatasi za siri; asiseme mtandao umekatika na hali haukukatika. Kutoonekana na mwajiri si kutoonekana na Mwenyezi Mungu.

Haki ya mwajiriwa. Alipwe kwa wakati wake, kama ilivyousiwa katika dini kuwa mtenda kazi asicheleweshewe ujira wake, na apewe zana au gharama zake. Na saa zake zihesabiwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya Tanzania, imeweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa siku zisizozidi sita. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, nazo ni kwa mapatano, na ujira wake ni mmoja na nusu. Tena imetaka mtu apate mapumziko ya saa 12 mfululizo baina ya siku na siku, na saa 24 katika wiki. Wasimamizi wakubwa wana hukumu yao. Lakini karani wa kawaida asidhani kuwa haki hizi ameziacha afisini. Hata Wafaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, wana sheria iyatakayo mashirika yenye watu 50 au zaidi yapatane na watu wao juu ya kutojibu simu na barua nje ya saa za kazi. Na ule Mkataba Namba 177 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1996, wataka yule ambaye nyumbani ndipo mahali pake pa kazi hasa atendewe sawa na waajiriwa wengine.

Haki ya mke. Kwanza, ashauriwe kabla ya kazi kuingia, kwani nyumba ndipo mahali pake pa utawala. Pili, ikiwa yeye ndiye mwajiriwa, ujira wake ni mali yake. Na nafaka na nguo za nyumba zabaki juu ya mume kama zilivyokuwa, ila atoe mwenyewe kwa ridhaa yake. Tatu, saa zake za kazi zihesabiwe kuwa ni kazi, na mume ashike baadhi ya shughuli. Wala mtu asione haya kufanya hivyo. Imepokewa kwa Bibi Aisha kuwa Mtume, alipokuwa nyumbani, akiwasaidia watu wake katika shughuli zao, mpaka sala ikiingia hutoka kwenda kusali. Katika khabari hiyo kuna mambo mawili: kuwahudumia watu wa nyumba, na kuwa na saa ijulikanayo ya kuondoka katika shughuli.

Haki ya watoto. Wana haki ya kucheza mahali pa salama, na kusema, na kusoma kwa sauti, na kumpata baba na mama kwa moyo wao wote, si kwa mwili tu. Mtoto anayeambiwa "ngoja" kila siku, mwisho huacha kuuliza.

Haki ya jirani na jamaa. Wasifukuzwe kwa ukali, kwani hawakuzoea mambo haya. Waambiwe kwa adabu: nina kazi mpaka alasiri, kisha karibu. Nao wakiambiwa, waikubali udhuru.

FASLU YA NANE: ADABU ZA KUFUATA

1. Kabla ya kukubali, kaa na watu wa nyumbani uwaulize. Shauri baada ya jambo si shauri, ni khabari tu.

2. Weka mahali maalumu, ingawa ni pembe ya sebule. Na kazi isivuke pembe hiyo, khasa isiingie chumba cha kulala.

3. Weka saa ya kuanza na ya kumaliza. Mwislamu amerahisishiwa jambo hili, kwani siku yake imegawanywa kwa sala tano. Asimamishe kazi kwa adhana, wala asiisimamishe sala kwa kazi.

4. Andikiana na mwajiri juu ya saa, na umeme, na intaneti, na itakuwaje zikikatika. Yaliyoandikwa huondoa ugomvi.

5. Hesabu kila mwezi umetumia kiasi gani, uone kama mshahara umezidi au umepungua kwa hakika.

6. Toka nje kila siku. Usiache sala ya jamaa kwa kisingizio cha kazi. Humo mna dawa ya upweke, na ndimo ulimwengu hukuona kuwa u hai.

7. Kila baada ya mwezi rudia shauri na watu wa nyumbani, na umpe nafasi ya kusema yule aliye mdogo kuliko wote.

MASUALI KWA MWANAFUNZI

1. Kazi ya nyumbani iliyokusudiwa katika somo hili ni ipi?
2. Kwa nini kufanyia kazi nyumbani si jambo geni? Toa mifano miwili.
3. Wale watu wa Shanghai walishurutishwa kuwa na nini nyumbani? Kwa nini sharti hilo ni zito kwetu?
4. Mavuvi ya dagaa yana mapumziko gani ambayo kazi ya simu haina?
5. Mke akifanya kazi ya ujira nyumbani, mali hiyo ni ya nani?
6. Katika nyumba yenu, ni nani anayenyamaza ili mwingine afanye kazi? Jee, aliulizwa?

Suala hili la sita lisijibiwe kwa kalamu. Lijibiwe nyumbani, baada ya chakula cha usiku, na simu zikiwa zimezimwa.

KHATIMA

Ndugu zangu wa Makoko, na wa Musoma, na wa Bunda na Butiama, na popote kitakapofika kijitabu hiki: hatukuandika ili watu waikatae kazi hii. Riziki ikija mlangoni haifukuzwi. Lakini mwenye kuikaribisha akumbuke kuwa nyumba ile si yake peke yake, na kuwa siku ya hisabu ataulizwa juu ya watu aliowekewa chini ya mkono wake, kama atakavyoulizwa juu ya mali aliyoichuma.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aibariki kazi ya mikono yetu, azitie utulivu nyumba zetu, utulivu wa radhi wala si wa khofu, na awajaalie watoto wetu wasome kwa sauti zinazosikika. Amin.